Mgeni Aliyepewa Jembe: Watu Wazima na Vijana Katika Kundi la Skauti

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkusanyiko wa viongozi wa skauti, watu wazima wanaojitolea pamoja na viongozi wa patroli, yaani vijana wanaoongoza vikundi vidogo vya wenzao ndani ya kundi. Wengi hawakuweza kufika na wameomba maandishi, kwa hiyo nimeyaweka yote, karibu kama yalivyosemwa.

Mwenyekiti wetu wa leo, viongozi wenzangu, wazazi, na ninyi viongozi wa patroli mliokaa mstari wa mbele: nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuja.

Nianze na watu wazima. Nina swali moja, na sihitaji mtu anyooshe mkono. Kila mmoja ajijibu moyoni. Siku ya mkutano wa kundi lako, ukichelewa saa nzima bila kutoa taarifa, ukifika utakuta nini?

Mimi jibu langu nililipata jioni moja, miaka mingi iliyopita. Gari liliharibika njiani, simu imezima, nikafika nimechelewa karibu saa nzima. Nikakuta vijana 28 wamekaa kwenye mabenchi, kimya, skafu zimefungwa sawasawa. Msaidizi wangu amekaa nao. Nikajaa fahari. Nidhamu ya namna gani hii! Nikamwuliza kiongozi mmoja wa patroli, msichana wa miaka 14, "Mmefanya nini muda wote huu?" Akanijibu kwa heshima, "Tulikuwa tunakusubiri, kiongozi."

Jibu lile lilininyima usingizi. Patroli nne zilikuwepo. Viongozi wanne walikuwepo, na wasaidizi wao wanne. Kamba zilikuwepo, ramani zilikuwepo, ratiba ya jioni ile ilikuwa imebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa. Hata mtu mzima alikuwepo. Na hakuna aliyefungua kamba moja. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimewafundisha, bila kulitamka hata siku moja, kwamba kundi ni mimi. Walikuwa wanafunzi wazuri. Walilielewa somo.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina asili yake.

Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, ili ayajaribu mawazo yake. Baadhi walikuwa watoto wa wenye nacho, wanaosoma shule za bweni. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi kutoka miji ya jirani. Akawachanganya, akawagawa patroli nne: Mbwa Mwitu, Mafahali, Kunguru, na ya nne ikachukua jina la ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kila patroli ilikuwa na kijana mkubwa kidogo aliyeiongoza, naye alipewa dhamana yote ya mwenendo wa wenzake, kambini na porini. Kila usiku patroli moja ilichukua chakula kibichi ikaenda kulala mbali na kambi, ikajipikia, ikajiwekea walinzi. Baden-Powell mwenyewe aliandika baadaye kwamba mpangilio huo ndio uliokuwa siri ya mafanikio ya kambi ile. Hakuutaja uhodari wake yeye, jenerali aliyekuwa na jina kubwa nchini mwake. Alilitaja kundi dogo la watoto lenye kiongozi wake.

Mwaka uliofuata, 1908, mawazo yake yakachapishwa kwa vijitabu vilivyotoka kila baada ya wiki mbili. Alidhani vyama vya vijana vilivyokuwepo vitayachukua na kuyatumia. Ikawaje? Watoto wakanunua vile vijitabu, wakakusanyana sita, wakakusanyana saba, wakajiita patroli, wakamchagua wa kuwaongoza, wakashika fimbo zao wakaenda porini. Halafu, nisikilizeni hapa, halafu ndipo walipokwenda kumtafuta mtu mzima. Walibisha hodi kwa walimu, kwa wachungaji, kwa askari wastaafu: "Tafadhali, kuwa kiongozi wetu." Na mwaka 1909, maskauti walipokusanyika kwa maelfu Crystal Palace jijini London, wasichana nao walijitokeza wamevaa sare, wameshajigawa patroli, wala hawakuwa wamealikwa na mtu. Mwaka mmoja baadaye chama chao kikaanzishwa.

Basi niwaulize, watu wazima wenzangu. Katika patroli, nani mwenyeji na nani mgeni?

Sisi ni wageni. Watoto walitangulia, sisi tukaitwa. Na wahenga wetu walishasema la kufanya na mgeni: siku mbili mkirimu, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumeshakaa zaidi ya siku tatu. Wengine tumekaa miaka 20. Kwa hiyo swali la leo ni moja tu: jembe letu ni lipi, na shamba la vijana linaanzia wapi?

Jembe la kwanza ni kufundisha viongozi. Nimesema viongozi, sikusema kundi.

Baden-Powell aliwahi kuandika kwamba kundi lisizidi vijana 32. Mnajua alifikaje kwenye hesabu hiyo? Alisema yeye mwenyewe, katika kuwalea vijana na kuijua tabia ya kila mmoja, hakuweza kuwamudu zaidi ya 16. Akakadiria kwamba watu wengine wana uwezo mara mbili ya wake, akapata 32. Mtu aliyeuanzisha mwendo huu anakiri kwamba akipewa watoto zaidi ya 16 hawezi tena kumwona kila mmoja. Wewe na mimi tunawapanga 40 mbele yetu, tunashika filimbi, na tunaamini tunawajua!

Lakini kiongozi wa patroli ana wangapi? Sita, saba, nane. Yeye anaweza kujua nani hakuja leo na kwa nini. Anaweza kujua nani viatu vinambana. Kazi yako ni kumjua yeye, na kumpa leo kile atakachowapa wenzake wiki ijayo. Kwetu tuliunda patroli ya viongozi. Viongozi wa patroli na wasaidizi wao ndio wanachama, na mimi ndiye kiongozi wao. Tunakutana siku nyingine, si ile ya mkutano wa kundi. Kama wiki ijayo kuna somo la dira, sisi tunakwenda na dira wiki hii, tunapotea wiki hii, tunajirekebisha wiki hii. Siku ya mkutano wa kundi mimi nimekaa pembeni, nao ndio wanaofundisha. Mgeni akipita anaweza kudhani sina kazi.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo nimelifanya. Baada ya ile jioni ya mabenchi nilishikwa na bidii mpya. Nikatangaza uhuru. Nikamwita kiongozi wa patroli wa miaka 13, nikampa ramani, nikamwambia, "Safari ya mwezi huu ni yenu. Pangeni wenyewe." Akafurahi sana. Akachukua rula, akapima kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Ramani ile ilikuwa ya 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja, na hilo alilijua. Akapata kilomita tisa. Akasema mtu hutembea kilomita tano kwa saa, basi ni chini ya saa mbili, tutafika kabla ya chakula.

Mnaona alichokosa? Alipima mstari ulionyooka, na njia hainyooki. Ile mistari ya kahawia inayoonyesha mwinuko ilikuwa imebanana kama nyuzi kwenye kitambaa, naye hakujua inasema nini. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo watembeao milimani wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa nyingine kwa kila meta 600 unazopanda. Na hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu, asiyesimama kufunga kamba za viatu vya mtoto wa miaka 11. Kanuni hiyo mimi niliijua. Sikumfundisha.

Msaidizi wangu alikuwa akiwasubiri mwisho wa njia, na mtu mzima mwingine aliwafuata kwa mbali, kwa hiyo hawakuwa hatarini. Lakini walifika wamechelewa kwa saa tatu, wamechoka, wawili wanalia, na wakubwa wanamlaumu kiongozi wao mbele yake. Wiki iliyofuata kijana yule hakuja. Ya pili hakuja. Nikaenda kwao. Alikuwa ameikunja skafu yake vizuri, akanikabidhi. Akasema, "Kazi imenishinda, kiongozi."

Kazi haikumshinda. Mimi ndiye niliyemwangusha. Wanasema mtoto akililia wembe mpe, na kila nikisikia methali hiyo namkumbuka yeye. Mimi nasema mpe, lakini keti naye kwanza umwonyeshe mpini uko wapi. Kumkabidhi mtoto kazi ambayo hukumfundisha ni kumtelekeza, hata ukiita uhuru. Alirudi, nashukuru Mungu. Tulianza upya na uzi: unaulaza uzi juu ya njia ya kwenye ramani, unaufuatisha kona zote, kisha unaunyoosha kwenye rula. Wakati huo tayari alikuwa na somo ambalo nisingependa mtoto yeyote alipate kwa njia ile.

Na mtu mzima naye afunzwe. Mafunzo ya viongozi yalianza Gilwell Park, kituo cha skauti karibu na London, mwaka 1919, na baadhi yenu mmevaa shingoni zile shanga mbili za mti zinazotokana nayo. Mnakumbuka mliishije kwenye mafunzo? Mligawanywa patroli! Mwalimu mkuu, meneja, mama wa watoto wanne, wote mkalala mahema ya patroli moja, mkaongozwa na mwenzenu, mkala chakula alichokiunguza mwenzenu. Ndivyo ilivyokusudiwa. Ambaye hajawahi kuongozwa ndani ya patroli ataipata wapi subira ya kuiacha patroli ijiongoze?

Jembe la pili ni kunyamaza. Hapa ninyi viongozi wa patroli nanyi mtege masikio, kwa sababu nazungumzia Baraza la Heshima.

Baraza la Heshima ni lenu. Viongozi wa patroli hukaa, mmoja wenu ni mwenyekiti, mmoja ni karani. Mnapanga programu, mnagawa vifaa, mnazungumzia mwenendo wa wanachama. Yanayohusu mwenendo wa mtu hayatoki nje ya chumba kile. Mtu mzima yumo, lakini anaongea wa mwisho, na mara nyingi hana la kuongea.

Zamani nilikuwa nafika kwenye Baraza na hukumu mfukoni. Mara moja wavulana wawili walicheza mieleka ndani ya hema la kundi likachanika. Badala ya kusema, walilikunja likiwa bado bichi kwa mvua, wakalitia kwenye mfuko, wakalirudisha stoo. Tulilitoa baada ya miezi miwili. Nadhani mnajua harufu ya hema lililokunjwa na maji. Ukungu ulikuwa umelila upande mzima. Nilikasirika. Kununua hema lile kulikuwa kumetugharimu jasho la mwaka mzima. Nikafika na hukumu yangu: hawaendi kambi ijayo.

Mwenyekiti wa Baraza, kijana wa miaka 15, hakuniuliza. Alimgeukia mtunza vifaa, kijana mwenzake, akamwuliza, "Hema likirudi kutoka kambini, nani analifungua kulikagua?" Kimya. Hakuna. Hapakuwa na utaratibu wowote, na mtu aliyepaswa kuuanzisha nilikuwa mimi. Wakajadiliana karibu saa moja. Nilijiuma ulimi mara nyingi. Mwisho wakaamua hivi: wale wawili watajifunza kushona turubai na watalishona wenyewe, kambi ijayo watalala ndani ya hema hilohilo, na kuanzia siku ile kila hema litaandikwa namba, na likirudi litaanikwa na kukaguliwa na watu wawili watakaotia saini.

Niliona adhabu ni ndogo. Nikanyamaza.

Kambi ijayo mvua ilinyesha usiku. Mshono wao ulivuja, kama unavyovuja mshono wa kwanza wa mtu yeyote. Asubuhi nilipopita nikakuta mikoba ya wale wawili iko kwenye hema la kiongozi wao wa patroli, mikavu. Alikuwa ameamka usiku akaihamisha, na hakumwambia mtu. Na hakuna aliyewacheka. Ningewazuia kuja kambini, yote hayo yasingetokea. Mmoja wao leo ndiye anayewafundisha wadogo kushona, na daftari la saini bado liko stoo.

Viongozi wenzangu, nawasihi. Ukiwa barazani, hesabu moyoni hadi 20 kabla ya kufungua mdomo. Mara nyingi ukifika 12 mtoto ameshasema ulilotaka kusema, tena kwa maneno ambayo wenzake watayashika.

Sasa jembe la tatu, ambalo halihamishiki. Hapa sibembelezi mtu.

Yapo mambo ambayo mtu mzima hawezi kumwachia kijana, hata kijana huyo awe hodari namna gani. Nitasimulia lililotufunza. Patroli moja ya vijana wakubwa ilijenga chelezo cha mapipa na magogo. Wiki sita za kazi. Fundo zao zilikuwa safi, mimi mwenyewe nilizikagua. Tukafika mtoni siku ya kushusha chelezo, tukakuta maji yamebadilika rangi. Yalikuwa ya udongo, yanabeba vijiti na majani, na jiwe ambalo asubuhi lilikuwa nje sasa lilikuwa limefunikwa. Kumenyesha huko juu, na maji yanakuja. Nikasema hapana. Leo hakuna atakayeingia.

Kiongozi wa patroli ile alikuwa na miaka 16. Akanitazama akasema mbele ya wote, "Ulisema uamuzi ni wetu." Na alikuwa na haki ya kusema hivyo! Kwa sababu nilisema. Nilisema uamuzi ni wenu, sikusema mpaka uko wapi. Maji yale sikujuta kuyazuia hata kidogo, na kesho nikiyaona tena nitayazuia tena. Nilichojutia ni kwamba walikutana na mpaka kwa mara ya kwanza siku walipougonga kwa kifua.

Tangu hapo, kila mwanzo wa mwaka tunaandika pamoja, watu wazima na vijana, na kubandika ukutani. Mtu mzima ana kura ya kuzuia katika mambo matatu: uhai na usalama wa mwili, sheria na fedha za watu, na utu wa mtoto, yaani asitokee mtu wa kudhalilishwa, iwe ni kwa mzaha, kwa adhabu au kwa "mila ya kumkaribisha mgeni kundini". Nje ya matatu hayo mtu mzima ana sauti, lakini hana kura ya kuzuia. Akisema chakula kianze kupikwa saa 10 na Baraza likasema saa 11, ni saa 11, na tutakula gizani.

Ndani ya hilo la kwanza na la tatu kuna kanuni ambayo naomba kila mzazi hapa aijue, aiulizie, na asione haya kuiulizia. Watu wazima wasipungue wawili. Hakuna mtu mzima atakayekaa na mtoto mmoja faraghani, mahali wasipoonekana na wengine. Hakuna mtu mzima atakayelala hema moja na mtoto asiye wake. Hakuna kiongozi atakayeandikiana na mtoto ujumbe wa siri kwenye simu. Ujumbe uende kwa kundi, au mzazi awemo. Kuna mtu atakasirika na kusema, "Ina maana hamniamini?" Mwambieni kanuni hii inamlinda mtoto, nayo inamlinda yeye. Na anayeendelea kukasirika, mpumzisheni. Ndiyo, hata kama ndiye mwenye gari.

Nanyi viongozi wa patroli, hapa naongea na ninyi kwa upole. Ipo siku mtoto wa patroli yako atakuja akuambie kwamba kuna mtu anamuumiza, nyumbani, au shuleni, au humuhumu kundini. Atakuomba usimwambie mtu. Usimwahidi hilo. Msikilize, mwambie umemwamini, kisha siku ileile mwambie mtu mzima unayemwamini. Asipokusikia, mwambie mwingine, mpaka apatikane anayesikia. Huo si mzigo wako kuubeba peke yako. Una miaka 14. Tuko hapa kwa ajili hiyo.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Daftari alishike kijana, ajifunze. Fedha zitoke kwa saini mbili za watu wazima wasio wa nyumba moja. Risiti zihifadhiwe, na hesabu isomwe mbele ya wazazi na vijana. Makundi niliyoyaona yakivunjika, zaidi yalivunjwa na fedha ndogo zisizo na maelezo.

Na sisi watu wazima kwa sisi? Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kama hukubaliani na msaidizi wako, msivutane mbele ya watoto. Nendeni pembeni. Gawaneni kazi, kwa sababu wengi wetu tunatoka kazini tukiwa tumechoka na tuna familia, na kiongozi anayefanya kila kitu huacha kila kitu siku moja. Mzazi asiyeweza kwenda porini anaweza kuandika barua, anaweza kutunza orodha ya dawa na mizio ya watoto, anaweza kuwa mtu wa kupigiwa simu wakati wa kambi. Mwombeni kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Ukimwambia "tusaidie saidia" atakimbia. Na wewe uliyekaa miaka 20, nani anajifunza kwako sasa hivi? Mtaje jina moyoni. Kama jina halikuja, umepata kazi ya mwaka huu.

Nimalizie na mstari wa mbele.

Viongozi wa patroli, ninyi si manaibu wetu. Hamkuwekwa ili mpeleke amri zetu chini na kuleta taarifa juu. Patroli ni yenu. Kila mtu ndani yake awe na kazi yenye jina: karani, mtunza vifaa, mpishi, mhusika wa huduma ya kwanza. Mdogo kuliko wote naye apewe, tena kazi ya kweli, ambayo asipoifanya wote watajua. Msaidizi wako umfundishe hadi siku ambayo hutakuja na pengo lisionekane.

Yule msichana wa kwenye mabenchi, aliyeniambia "tulikuwa tunakusubiri", alibaki kiongozi wa patroli kwa miaka miwili zaidi. Katika patroli yake kulikuwa na mtoto mmoja aliyeachwa nyuma kila safari. Wakubwa wanatangulia, wanakaa chini kumsubiri, wanapumzika, na yeye akifika tu wao wanasimama kuondoka. Mmewahi kuliona hilo? Mtoto aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kamwe. Siku moja, bila kuniuliza, yule msichana alimchukua mtoto akamweka mbele kabisa, akampa ramani, akasema, "Leo mwendo ni wako." Wakubwa wakanung'unika. Akawaambia anayeona mwendo ni mdogo aje abebe sufuria. Sufuria ikapata wabebaji wawili, na manung'uniko yakaisha. Walifika wote kwa pamoja, dakika kumi kabla ya patroli zilizowatangulia mwanzoni.

Mimi nilikuwa nimelitazama tatizo lile mwaka mzima. Nilikuwa nimempa yule mtoto maneno ya kumtia moyo. Maneno tu! Yeye aliona lililonipita kwa sababu alikuwa anatembea ndani ya patroli, na mimi nilikuwa natembea pembeni yake.

Mwenyekiti, naona muda wangu umekwisha. Saa iliyobaki ni ya Baraza la viongozi wa patroli, nao wameshaandika ajenda yao: kambi ya pamoja, mahema, na lalamiko moja dhidi yetu watu wazima ambalo mimi mwenyewe sijalisoma. Sisi tutahamia viti vya nyuma. Naona wengine mmeshaanza kuandika vikaratasi vya kuwapelekea watoto wenu mbele. Virudisheni mfukoni, tafadhali. Tukiitwa tutaitika. Kwa sasa wametuomba jambo moja tu, watu wazima wanne wasogeze haya mabenchi yakae mduara. Mimi ni wa kwanza. Nani mwingine?